Picha Niliyoipiga Mgwashi Nikiwa Nimefumba Macho

Safari hii ilianza kwa sababu mama mkwe wangu aliirudisha picha. Nilikuwa nimempiga picha mke wangu Raheli katika studio ya Tanga nilikokuwa nikifanya kazi, mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba na vyungu vya maua, taa zikimmulika huku na huku, mkono wake umeegemezwa kwenye meza ndogo. Kwa kipimo cha studio yetu ilikuwa picha safi. Tuliipeleka milimani kwa mkono wa mtu wa kwao aliyeshuka na viazi. Mwezi uliofuata ikarudi kwa mkono uleule, pamoja na maneno ya mama: "Mwambie mkwe wangu ahsante. Lakini huyu ni mke wa nani? Mimi namtaka Raheli."

Raheli alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliitazama ile picha siku nzima nikitafuta kosa, na jioni nikaliona: alikuwa mzuri, amekaa sawa, amenyooka, na hakuwa yeye.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Mwenye studio, mzee mmoja wa Kihindi, alikuwa ameamua kufungua duka lingine Mwanza na kunipeleka mimi nikaliangalie. Mwanza siku hizo, kwa mtu wa Tanga, ilikuwa safari ya barabara na reli mpaka ukasahau ulikotoka. Kwa mama mzee wa Mgwashi, ilikuwa jina tu. Raheli ni binti yake wa pekee. Hakuna aliyetamka, lakini sote tulijua kwamba huenda wasionane tena. Basi kabla ya kuhama ilinipasa kumwachia mama uso wa mwanawe, na safari hii uwe uso wenyewe. Tajiri akaniazima kamera ya sanduku na filimu moja ya picha nane. Taa hazibebeki mlimani, kwa hiyo nilikuwa naenda kufanya kazi na jua, nami sikuwa nimewahi kulitegemea.

Tuliondoka Tanga asubuhi kwa treni, daraja la tatu, na kikapu cha nazi na samaki wakavu wa kupeleka ukweni. Mkonge ulianza mara tu tulipouacha mji, mistari kwa mistari, ukisinzia unaamka bado mkonge. Pale Muheza, kwetu Bonde, tulinunua machungwa dirishani. Raheli alimenya moja akanipa nusu, jua la asubuhi likapenya dirishani likamkalia shavuni, nami nikaona kabisa kwamba hii ndiyo picha. Hadi nimeitoa kamera kwenye mfuko, treni imekata kona na shavu limeingia kivulini.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimechelewa," nikasema.

Mombo tulifika mchana, joto kama la tanuri la mkate. Hapo reli inaendelea zake Moshi, na mtu wa milimani hushuka atafute lori. Tulipokuwa tukingoja nikamsimamisha Raheli kando ya ghala la stesheni. Kanuni ya kamera ya sanduku, kila aliyewahi kuishika anaijua: jua liwe mgongoni kwa mpigaji. Unaishika kwenye tumbo, unainamisha kichwa, na katika kijioo cha juu unamwona mtu mdogo kama kidole, mkono wake wa kulia ukiwa kushoto. Nikafuata kanuni. Jua likampiga Raheli usoni, naye akakunja macho na paji la uso kama mtu anayedaiwa. Nikamwambia afungue macho. Akafungua, machozi yakamtoka. Nikafyatua hivyo hivyo, kwa ukaidi, nikijua nimeshaharibu ya kwanza.

Lori lililotupandisha lilikuwa limeshusha mboga na sasa linarudi na matenga matupu. Tulikaa juu ya matenga. Barabara ile ya Soni inazunguka ubavuni mwa mlima, chini kuna mto na juu kuna jabali, na kila kona dereva anapiga honi na mama mmoja mwenye kuku anasema "Yesu wangu" kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabu vituo. Hewa ikaanza kubadilika. Raheli alivuta pumzi ndefu, akaanza kuzungumza Kishambaa na yule mama, na sauti yake yenyewe ikabadilika, ikawa ya haraka, yenye kupanda na kushuka. Mimi Mbondei nilielewa karibu yote, maana lugha zetu ni ndugu, lakini sikuwahi kumsikia akiongea hivyo Tanga. Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Nilijiona kama mtu aliyeishi miaka mitatu katika nyumba bila kufungua chumba kimoja.

Soni lori lilisimama kupoza injini. Maji ya pale huanguka karibu kabisa na daraja, na nilishawaona wazungu wakipigana picha hapo, basi nami nikamweka Raheli mbele ya maporomoko. Akasimama kwa heshima zote, mikono kando, miguu pamoja, kama alivyofundishwa kusimama darasani. Nilipiga mbili. Katika kijioo niliona maji mengi meupe na mbele yake mtu anayengoja ruhusa ya kuondoka.

Jioni tukafika Lushoto. Tulilala kwa shemeji yangu Yafeti, kaka yake Raheli, seremala wa karibu na boma, mtu mpole mwenye vumbi la mbao hata kwenye kope. Mkewe alituletea ugali, maharage na maziwa ya mgando, na makaa chini ya meza kwa ajili yangu mtu wa pwani niliyekuwa natetemeka waziwazi. Baada ya kula Raheli akaweka kikombe chini.

"Nina neno," akasema. "Mama anapata picha yangu. Na mimi je? Naenda Mwanza na nini? Nataka picha moja iwe ya mama. Uso wake."

Nikamtazama Yafeti, Yafeti akatazama makaa.

Inafaa nieleze hapa, maana vijana siku hizi wanakaa sofa moja na wakwe zao. Kwa Washambaa wa zama zile, na kwetu Bonde vivyo hivyo, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Mnasalimiana kwa ukuta katikati. Siku ya harusi yetu mama yule alikuwa amejitanda kanga mpaka puani, nami nilikuwa nimetazama viatu vyangu vipya. Sauti yake naijua, kikohozi chake nakijua, mgongo wake niliwahi kuuona kwa bahati mbaya nikaomba radhi. Uso, hapana. Na kamera kazi yake ni kutazama.

"Nitampiga mwenyewe," Raheli akasema. "Utanitengenezea, mimi nitafyatua."

"Hapo sawa," nikasema haraka, na Yafeti akasema, "Hapo sawa," na tukaenda kulala tumeridhika kama wanaume walioamua kesi kumbe hata mlalamikaji hajasikilizwa.

Asubuhi Lushoto iliamka na ukungu. Mikaratusi ya boma ilionekana nusu, na hapakuwa na kivuli popote, mwanga umeenea sawasawa kama maziwa ndani ya chai. Nilimpiga Raheli picha sokoni, akichagua kabichi za kupeleka kwa mama. Hapo nilijifunza jambo la kwanza: mwanga wa ukungu hauumizi macho, mtu husahau kama anamulikwa. Picha ile ilikuwa nzuri zaidi ya za jana. Lakini ilikuwa nzuri kama picha ya mwanamke anunuaye kabichi. Nilianza kuogopa kwamba ningerudi chini na filimu iliyokwisha, na mama akaniuliza tena huyu ni mke wa nani.

Tukarudi Soni kwa lori, na kutoka Soni tukapata lori jingine la Bumbuli. Bumbuli tulipita misheni, Raheli akaingia kanisani kidogo kuonesha shukrani, nikampiga moja mlangoni alipotoka. Kisha tukaanza kupanda kwa miguu kwenda Mgwashi. Njia ni nyembamba, migomba upande huu, mahindi na maharage upande ule, kahawa katikati. Raheli alivua viatu. Kila aliyekutana naye alimsalimu, "Onga mshi," naye akaitikia na kueleza mwanamume huyu mwenye sanduku ni nani. Mimi nilikuwa nahema nyuma na kikapu cha nazi. Wakati mmoja aligeuka juu ya kilima kuniangalia kama nipo, jua limeshuka nyuma yake, nywele zina ukingo wa dhahabu, uso wote uko kivulini. Kanuni inasema usipige hivyo. Nikapiga. Nilikuwa nimechoka na kanuni.

Tulifika nyumbani kwa mama jua likielekea kuzama. Nilichuchumaa nje ya ukuta wa nyumba, nikatoa shikamoo kwa udongo na fito. Ndani sauti ikajibu, "Marahaba, mkwe. Umekonda, au ni hiyo pumzi?" Akina mama walioko jikoni wakacheka. Mama yule alikuwa hajawahi kuniona usoni naye pia, lakini kuhusu mwili wangu alikuwa na habari za kutosha.

Usiku ule nililala nyumba ya jirani, kama inavyompasa mkwe. Kulipokucha, Raheli alikuja kunichukua na uso uliokunjamana. Alikuwa amemweleza mama kuhusu picha, na mama amekubali. "Ila si mimi nitakayefyatua," Raheli akasema. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Njoo umsikie mwenyewe."

Nikarudi kwenye ukuta wangu nikachuchumaa. Sauti ikatoka ndani, bila haraka.

"Mkwe, Raheli anasema atashika yeye hicho kisanduku. Raheli si fundi. Mtoto huyu hata maziwa alikuwa anamwaga. Wewe ndiye uliyemchukua, na sasa unampeleka mbali. Basi wewe ndiye utakayemtengenezea cha kwenda nacho. Mkono wako ndio ninaoutaka."

"Mama," nikasema, "nitapigaje bila kukutazama?"

"Hilo ni la ufundi. Mimi nimekupa mwanangu, sasa nikupe na akili?"

Nilibaki pale chini nikijikuna shingo. Ndani ya nyumba nilisikia mama akicheka taratibu peke yake.

Kisha nikaanza kazi. Nyumba ile mlango wake ulitazama mashariki, na nje kulikuwa na uwanja wa udongo mwekundu uliofagiliwa. Jua la asubuhi halikupiga mlangoni moja kwa moja, lilizuiwa na migomba. Liliupiga uwanja, na uwanja ukaurudisha mwanga juu, laini, wenye joto kidogo, ukaingia mlangoni hadi hatua mbili hivi kisha ukapotelea gizani. Taa zangu zote za Tanga hazijawahi kufanya vile. Ndani ya ule mwanga nikaweka kigoda. Nje nikasimamisha kinu, nikakifudikiza, na juu yake nikaiweka kamera, maana mwanga wa mlangoni ni mdogo: inabidi kidude cha kufyatulia kishikiliwe wazi kwa pumzi moja au mbili, na mkono wa mtu unatikisika, lakini kinu hakitikisiki.

"Raheli," nikasema, "kaa wewe kwanza kwenye kigoda, nipate kupima. Kisha mama atakaa palepale."

Raheli akakaa. Nikainama kwenye kijioo, nikasogeza kinu, nikatia kijiwe chini ya kamera, nikatoa kijiwe. Nilikuwa nawaza na kuuliza kuhusu mama tu: ni mfupi kuliko binti yake kwa kiasi gani, blanketi likunjwe mara ngapi juu ya kigoda. Na Raheli alikuwa akijibu huku akiongea na mama aliyekuwa gizani nyuma yake, kwa Kishambaa, juu ya mbuzi fulani aliyekula mbegu, na mama akasema neno, na Raheli akageuza kichwa kidogo tu kuelekea sauti ile bila kumaliza kugeuka. Nikaona kwenye kijioo. Sikumwambia akae sawa, sikumwambia anitazame. Nikavuta pumzi, nikakibana kidude, nikakiachia. Raheli hakujua hata kama nimepiga.

Ikabaki moja.

Raheli akakunja blanketi, akaliweka kwenye kigoda. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Mimi nililazimika kufumba yote mawili. Nilipiga magoti nyuma ya kinu, nikakifunika kile kijioo cha juu kwa kiganja cha kushoto nisije nikachungulia kwa mazoea, nikainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ubao wa kamera. Nikasikia hatua za mama, kanga ikipita, kigoda kikilia kidogo. Alikuwa mbele yangu kama hatua tatu, na sijawahi kumkaribia mtu kiasi kile.

"Mkwe," akasema, kwa mara ya kwanza bila ukuta, "hiyo picha ikishaingia humo ndani inatokaje?"

"Inasafishwa, mama. Gizani, kwenye maji ya dawa. Uso unajitokeza polepole."

"Nani anaisafisha?"

Sikuwa nimelifikiria. Kazi ile huwa naifanya mimi.

"Mimi, mama."

"Basi bado utanitazama. Tena ndani ya maji, nami sina habari."

Raheli akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tafadhali."

"Atasafisha mwingine, mama," nikasema. "Kuna mwenzangu studio, Salehe. Nitampa filimu nzima. Picha yako ataiona yeye, kisha iwe ya Raheli. Mimi sitaitazama. Nakuahidi."

"Hata nikifa?"

Nilikuwa nimefumba macho, nimepiga magoti kwenye udongo wa watu. Nilimpenda mama yule wakati ule, nasema kweli.

"Hata ukifa, mama."

Kigoda kikalia tena. Nikasikia Raheli akisogea upande, nyuma yangu, kisha akasema, "Tayari." Nikakibana kidude, nikahesabu moyoni, nikakiachia. Mama akasimama, kanga ikapita, na kutoka ndani, nyuma ya ukuta wetu wa siku zote, akasema, "Sasa kaleni. Viazi vinapoa."

Tuliondoka kesho yake asubuhi. Waliagana vipi mama na mwanawe sikuona. Nilikuwa nimetangulia njiani kama adabu inavyotaka, nimekaa juu ya jiwe, nikisikia tu. Raheli alinifikia amevaa viatu tayari. Tukashuka mpaka Bumbuli. Kwenye lori la kushuka Mombo alilala begani kwangu, na katika kila kona mwanga ulikuja ukampita usoni na kuondoka. Kamera ilikuwa mfukoni, imekwisha filimu, nami nilishukuru kwa hilo, kwani kwa mara ya kwanza katika safari ile nilimtazama tu.

Tanga nilimpa Salehe filimu nikamweleza sharti. Alidhani ni mzaha. Nilikaa barabarani mbele ya duka mpaka alipotoka akifuta mikono.

"Ile ya stesheni mbaya," akasema. "Za maji zinapita. Ya kilimani giza tupu. Ya mlangoni, mkeo, hiyo kaiweke peke yake." Kisha akaacha kufuta mikono. "Na ile ya mwisho, uliyopiga bila kutazama. Nani alikufundisha?"

"Usiniambie kitu," nikasema.

Picha ya Raheli ya mlangoni tuliipeleka Mgwashi kwa mkono wa mtu wa viazi. Safari hii haikurudi. Yalirudi maneno tu: "Huyu ndiye." Yafeti aliitengenezea fremu, na nasikia mama aliitundika mkabala na kitanda, siyo sebuleni kwa wageni.

Picha ya mama tulikwenda nayo Mwanza, imefungwa ndani ya kitambaa, katika sanduku la Raheli. Wageni wa kwao walipokuja aliitoa, wakaitazama, nami nikatoka nje kuangalia kuku. Tulikuwa bado Mwanza Yafeti alipotuletea habari kwamba mama amefariki. Raheli hakupata kumzika. Baada ya siku za msiba, asubuhi moja, alifungua sanduku, akakaa karibu na dirisha, akakifungua kile kitambaa mapajani.

"Sasa mwiko umekwisha," akasema. "Njoo umwone. Ni kazi ya mkono wako."

"Nilimwahidi," nikasema.

Hakunisihi. Akainama juu ya picha, akaanza kumsimulia mama yake kitu kwa Kishambaa, taratibu, kama vile yule mbuzi bado anakula mbegu. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya chumba. Nilijifunza katika safari ile mambo ya mwanga ambayo yamenilisha mpaka leo, na vijana ninaowafundisha kazi huwaambia yote: waache kanuni ya jua mgongoni, watafute mlango, watafute ua uliofagiliwa. Hili moja huwa siwaambii. Dirisha lilikuwa wazi, mwanga umemkalia Raheli shavuni kama kwenye treni pale Muheza, na uso nilioutafuta kutoka Mombo mpaka Mgwashi ulikuwa mbele yangu, wote, ukimtazama mtu nisiyemjua sura. Kamera ilikuwa mezani. Sikuigusa.